Nota ya Juu ya Leberecht

Jirani yangu Mama Hiza anasema yeye ndiye aliyetangulia kufika kule. Anasema ilikuwa Jumatano, saa tisa ya mchana, ameketi barazani kwake anachambua maharage, ungo uko magotini, kope zikawa nzito, na alipofumbua macho ungo haupo, maharage hayapo, yuko kwenye barabara nyeupe isiyo na kona, na mbele yake amesimama mtu wa koti refu asiye na uso. Hana uso kivipi, tukamuuliza, maana tulikuwa bombani watu sita tunangoja maji. Ni kama kisahani ukikifudikiza, akasema. Akaendelea kusema kwamba mtu huyo alimpeleka kwenye jumba kubwa, na mbele ya jukwaa la jumba hilo kuna tundu, na ndani ya tundu amekaa mzee wa Kijerumani, zamani alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu, ile sauti ya juu ya wanaume ambayo kwaya yetu inamtegemea mzee Shemdoe peke yake, na mzee huyo akamwomba ampelekee mtu maneno. Nawe ukamjibuje, akauliza mmoja wetu. Nikamwambia, babu, mimi nina maharage, akasema Mama Hiza, na wanawake wakacheka mpaka ndoo ya mtu ikafurika bila mwenyewe kuona. Kila mtu anajua Mama Hiza hutia chumvi. Mimi nilicheka kidogo, lakini nilikuwa namtazama mikono. Alipoeleza jinsi yule mzee alivyoshika karatasi, vidole viwili tu, vingine vimekunjwa ili visizibe mwanga wa mshumaa, nikasema moyoni, hiki hakukibuni. Mtu asiye na uso Mama Hiza anaweza kumbuni. Vidole hawezi.

Sasa ni Alhamisi, nimekaa chumbani na joho la kwaya mapajani, napiga pindo, maana ndiyo kazi yangu, nilipomaliza darasa la saba mama alinipa sindano na mpaka leo sijaiweka chini. Joho ni zito, jua limeingia dirishani limenikalia miguuni, naingiza sindano, naitoa, naingiza, naitoa, na mara naiingiza na haitoki. Navuta uzi. Uzi unakuja, mrefu, mweupe, unakuja tu, naufuata kwa macho nione unatokea wapi, nao si uzi, ni barabara, na mimi nimesimama juu yake. Kando ya barabara kuna miji. Kila mji una mnara mmoja na jumba moja kubwa katikati, kushoto kwa barabara upo mji, kulia upo mji uleule umegeuzwa, mlango uliokuwa huku uko huku, saa ya mnara imeandikwa kinyume, ila zote mbili zinasema ni saa tisa. Mtu wa koti refu yupo. Uso wake kweli ni kisahani. Napiga hodi kwa mdomo, kwa sababu sijui neno jingine la kumwambia mtu ukiwa kwake, naye haniambii karibu, anasema, kitendawili. Mdomo wangu unajibu wenyewe, tega, kama tulivyokuwa tukijibu utotoni. Anasema, nyumba yangu ina watu elfu, wote wanatazama mlango mmoja na hakuna anayepita. Nafikiri. Nasema, kanisa. Siyo. Nasema, shule. Anatikisa kisahani. Basi nimeshindwa. Nipe mji, anasema, na kwetu ndivyo ilivyo, ukishindwa kitendawili unataja mji wowote unaoujua, mwenzako anajifanya ameutembelea, kisha anakupa jibu. Kwa hiyo nasema bila kuwaza, nakupa Mombo. Anasema, nimekwenda Mombo, nimekula, nimelala, nimeamka, jibu ni jumba la opera. Na anaposema hivyo nahisi kitu kimetoka kichwani mwangu kama jino lililokuwa limeshalegea, hakiumi, ila ulimi unakwenda palepale kutafuta. Mombo. Najua niliwahi kushuka huko na mama, tulinunua kitu. Stendi iko upande gani sikumbuki. Opera ni nini, namuuliza yule mtu. Ni mahali ambapo mtu akichomwa kisu anaimba, anasema. Simwelewi, na tayari tumeshaingia.

Ndani kote ni kwekundu kama ndani ya kinywa, na viti vimepandana mpaka darini. Vimejaa watu, wote visahani. Nakohoa kidogo kwa vumbi, nao elfu nzima wanakohoa kidogo. Nashika shavu, wanashika shavu. Hawa wana nini, namuuliza kiongozi wangu. Wanangoja kuambiwa walichokipenda, anasema. Jukwaani mwanamume na mwanamke wanagombana kuhusu barua, na hawagombani kwa kusema, wanaimba, ndipo naanza kuelewa opera ni nini, ni mchezo wa kuigiza ambao hata kuomba maji unaomba kwa wimbo. Na mbele ya miguu yao, sakafuni, kuna tundu lenye kifuniko kama gamba la kobe, na ndani ya tundu nauona mwanga wa mshumaa, na vidole viwili vimeshika karatasi. Nachuchumaa. Shikamoo babu. Marahaba mwanangu, anasema mzee, na Kiswahili chake ni cha kwetu huku milimani, hata namna anavyoivuta hiyo marahaba ni yetu. Ngoja kwanza, anasema, kisha ananong'ona kuelekea juu, ewe mkatili, na mwanamume wa jukwaani anaimba, ewe mkatili, kwa sauti inayotikisa taa. Kazi yake ndiyo hiyo. Mwimbaji akisahau, yeye anampa neno pumzi moja kabla hajalihitaji, na watu elfu hawajui kama kuna mtu mle chini. Amevaa kola ya kizamani, nyeupe, ngumu, na mimi kwa mazoea ya kazi naitazama kola kabla sijautazama uso. Imefumuliwa nyuma ikaongezwa kitambaa, ikafumuliwa tena ikaongezwa, mara tatu, kila mara kwa uzi wa rangi yake, na sasa inamning'inia, ile shingo iliyokuwa inaijaza haipo. Babu, nasema, shingo yako ilikuwa inavimba. Anageuka ananitazama vizuri. Wa jana alinisimulia maharage, anasema. Wewe una macho.

Jina lake ni Leberecht Hainstein, analitamka kama mtu anayesafisha koo. Ananieleza mambo yake katikati ya kazi, neno kwangu, neno kwa jukwaa, kwa hiyo maisha yake nayapokea yakiwa yamechanganyika na ya watu wa mchezo, na inabidi niyachambue. Baba yake alikuwa fundi mapipa. Niue basi, ananong'ona juu, kisha ananigeukia, aliimba kanisani akiwa mdogo. Farasi wangu yuko wapi, ananong'ona juu, kisha, akachukuliwa kuimba kwenye jumba la mtawala mdogo wa mji wao, akiwa bado na harufu ya mbao nguoni. Ananiambia kwamba katika kila wimbo wa mwimbaji wa sauti ya tatu kuna nota moja ya juu ambayo watu wameijia, na kwamba enzi za ujana wake nota hiyo waliipandia kwa sauti ya kichwa, laini, kama mtu anayepanda ngazi asimwamshe mtoto. Kisha ikaja fasheni kutoka mji mkubwa. Kuisukuma nota ileile kwa kifua, kwa nguvu zote, kama unanyanyua pipa lililojaa. Watu walilia kwa raha, anasema mzee. Nikaisukuma miaka kumi na miwili. Mwaka wa kumi na tatu nikafungua mdomo mbele ya watu, ikatoka hewa. Nikajaribu tena, hewa. Wengine walipiga mbinja, na mbinja ilikuwa na sauti kuliko mimi. Tangu hapo nanong'ona. Hata nyumbani, mke wangu Ottilie, mpaka siku anafariki alikuwa ananiambia, sema kwa sauti Leberecht, sikusikii. Mzee anageuza ukurasa kwa vidole viwili. Yupo kijana, anasema, mji wa mwisho wa barabara hii. Leo saa tisa anaimba mbele ya bwana mmoja aliyetoka mji mkubwa kuja kumsikiliza. Kijana huyo ni mimi. Mimi siwezi kutoka humu, nikitoka hawa wa juu watabaki midomo wazi. Nenda wewe. Mwambie nota ya juu aiache ipande kichwani, asiisukume. Hata wasipompigia makofi, asiisukume. Nitamtambuaje, nauliza. Kola yake haijafumuliwa, anasema, halafu ananong'ona juu, kwaheri milele, na wa juu anaimba kwaheri milele, na mimi sijui ni nani kati yetu ameagwa.

Barabara tena. Naona natembea na miji haisogei, ule wa kushoto umesimama, ule wa kulia umesimama. Kitendawili, anasema mtu wa koti. Tega. Ninawapa wote maneno, mwenyewe sina la kusema. Hiki nakijua, nasema haraka, ni yule mzee wa tundu. Kisahani kinapauka. Umepata, anasema, basi tunabaki hapahapa. Kivipi, nauliza, nimepata halafu tunabaki. Anasema, barabara hii inalipwa kwa miji, anayejua halipi, asiyelipa haendi. Nakaa chini kando ya barabara nafikiri, sina haraka, mimi ni mtu wa kungoja, nimewahi kungoja kitambaa kikauke siku tatu za mvua. Yeye pia anangoja. Saa ni tisa. Kisha nasimama nasema, haya, tega tena kilekile. Anatega. Nimeshindwa, nasema, nakupa Soni. Anasema amekwenda Soni, amekula, amelala, ameamka, na barabara inaanza kupita chini ya miguu yangu kama khanga inayovutwa kwenye kamba, na Soni imekwenda. Najua jina. Nikijaribu kuona soko lake naona visahani.

Mji unaofuata ni mkubwa na una kelele za furaha. Gari la farasi linakuja, lakini halina farasi, limefungwa vijana wenye kofia nzuri, wanalivuta wenyewe kwa kamba huku wanacheka, na ndani ameketi yeye, Leberecht, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu hivi, kifua mbele, maua mpaka magotini. Natazama kola. Mara mbili. Habari za kazi kaka, nasema nikitembea kando ya gurudumu. Nzuri dada, panda, usiimalize kola yangu kwa kuitazama, anasema, na watu wanamshangilia kwa kutania. Napanda, nasogeza maua, nakaa. Anasema taratibu, karibu na sikio langu, najua umetumwa na nani na umetumwa nini. Basi hata salamu ungenirudishia nzima, nasema. Anacheka bila sauti, mabega tu. Kwa hiyo wewe, anasema, uliyeishia darasa la saba, unatoka huko kwenu kuja kunifundisha mimi kuimba. Sikufundishi kaka, nasema, nimeona kola tu. Kola ni mambo ya fundi. Na mimi ni fundi. Hapo anawapungia watu wa madirishani, madirisha ya kushoto na yaleyale ya kulia. Sikiliza dada, anasema. Yule mzee amekaa gizani mno, anakumbuka maumivu tu. Hajakuambia ile nota ikitoka kifuani inavyokwenda mpaka ukuta wa nyuma na kurudi, ikanipiga hapa, na watu elfu wakasimama kama mtu mmoja. Ukimwambia kijana asiisukume, hawa watalirudishia gari farasi. Nani atanijua? Nitakuwa fundi mapipa anayeimba Jumapili. Usimwambie. Nimekuomba kama ndugu. Namwangalia. Kila baada ya maneno machache mkono wake unapanda kooni, unagusa, unashuka, vile mama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa akiogopa kujua. Na maneno yote haya ameyasema kwa kunong'ona, na nilidhani ni siri. Kaka, nasema, ilianza kuuma lini. Anaendelea kupungia watu. Anapunga, anapunga. Jumapili, anasema mwishowe. Ottilie asijue.

Nashuka gari likiwa linakwenda. Kuanzia hapo mtu wa koti ananitega mfululizo na mimi nashindwa mfululizo, vingine nikivijua, vingine sivijui, nampa Bumbuli, nampa Korogwe, nampa Lushoto yote na baridi yake, na kila nikitoa barabara inavutwa, miji inapungua ukubwa, minara inafupika, majumba yanakuwa mapya, rangi inarudi ukutani. Nakuwa mwepesi. Si wepesi mzuri. Mwishowe tunafika mahali ambapo barabara inaingia chini ya lango dogo la mbao, na upande wa pili wa lango nasikia mtu anaimba kwa sauti ya ajabu, kana kwamba yuko kisimani. Kitendawili cha mwisho, anasema. Tega. Ikirudi ilikuwa ndogo, isiporudi imefika. Hiki sikijui, sijifanyi. Nipe mji. Nautafuta kichwani. Umebaki mmoja, Kwemshazi, kijiji chetu, bomba, wanawake, Mama Hiza na ungo wake, mlango wa chumba changu wenye bawaba moja mbovu. Namwambia, hicho siyo mji, ni kijiji. Nitakipokea hivyohivyo, anasema. Namkumbuka mzee na vidole vyake viwili, na mtu wa garini anavyojigusa koo. Nakupa Kwemshazi, nasema. Anasema, nimekwenda Kwemshazi, nimekula, nimelala. Anaishia hapo. Namngoja aseme ameamka, hasemi. Na jibu, nauliza. Jibu utalisikia, anasema, na lango limefunguka.

Ni ua wa nyuma wa jumba dogo la opera, na katikati ya ua kuna pipa kubwa limelazwa, na kutoka kwenye pipa inatoka miguu ya mtu na wimbo. Nabisha juu ya pipa. Wimbo unakatika, anajitoa kinyumenyume, kijana wa miaka ishirini na mbili, nywele zina vumbi la mbao, amevaa koti la mchezo la askari ambalo mikono yake ni mirefu. Shikamoo dada, anasema. Nashtuka kidogo, maana mtu huyuhuyu nimemwamkia mimi asubuhi ya safari hii, kama ilikuwa asubuhi. Marahaba, nasema, na macho yangu yanakwenda kolani. Mpya. Mshono wa kwanza wa fundi, haujaguswa. Unafanya nini ndani ya pipa, namuuliza. Najisikiliza, anasema. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa ananitia ndani nisugue, mikono ikichoka naimba, naye anapiga mbao kwa nyundo ananiambia mapipa hayahitaji kwaya. Lakini pipa linakurudishia sauti ikiwa nzuri kuliko ulivyoitoa. Karibu tunda, anasema, ananipa zabibu kavu kutoka mfuko wa koti lile, ina nyuzi za mfukoni, naila hivyohivyo. Umekuja kuniona mimi au umepotea? Nimekuja kwako, nasema, nina maneno yako kutoka kwako.

Namwambia yote. Tundu, mshumaa, miaka kumi na miwili, hewa. Anacheka mwanzoni, anashika shingo yake nyembamba kwa mkono mmoja na kusema, hii ndiyo ivimbe mpaka kola ifumuliwe, dada, hii shingo mama anasema ni ya kuku aliyenyonyoka. Kisha hacheki. Kwa kuwa sipendi kumficha mtu jambo lake namwambia na ya mtu wa garini, maua, vijana wenye kamba, na kwamba ameniomba nisimwambie. Wote wawili ni mimi, anasema. Ndiyo. Sasa nimfuate nani? Sijui, nasema. Yupi kati yao ana furaha, anauliza. Wote wawili wananong'ona, nasema. Anakaa juu ya pipa. Kutoka ndani tunawasikia wapiga fidla wanakaza nyuzi. Bwana wa mji mkubwa amekaa safu ya mbele, anasema, amekuja kusikia kifua, najua. Nimejifunza kwa siri mwezi mzima, hapahapa ndani ya pipa. Na nikuambie shida yangu dada, siyo sifa. Nikiisukuma, inarudi, nasikia imefika. Ile ya kichwa inakwenda tu. Haigongi popote. Unasimama pale mbele ya taa, umeitoa, imeondoka, na hujui imemkuta mtu au imeanguka njiani. Unaweza kuimba maisha yako yote hivyo, bila kujua? Namwambia, mimi nitakuwepo. Nitakaa viti vya mwisho, juu kabisa. Anashuka kwenye pipa, anasema, wimbo una beti mbili na nota ni ileile. Wa kwanza nitaimba kama alivyosema mzee. Nisipojua kama imefika, wa pili nitaimba ninavyojua mimi. Anafuta vumbi la mbao kichwani, anaingia.

Napanda ngazi mpaka viti vya mwisho. Jumba ni dogo lakini ndani ni kubwa, viti ni elfu vilevile, visahani ni vilevile, hata bwana wa safu ya mbele, bwana wa mji mkubwa, akigeuka ni kisahani. Pazia linapanda. Kijana anasimama peke yake na mikono yake mirefu ya koti. Wimbo wenyewe ni wa askari anayeuomba mto umpelekee mama yake jina lake, jina tu, mwili abaki nao mwenyewe. Anaanza chini, kama mtu anayeongea. Anapanda. Naijua nota inakuja kwa sababu wapiga fidla wote wanaacha pumzi kwa pamoja, na yeye hainui mabega, kifua chake hakiendi popote, anafungua tu mdomo, na nota inakuwepo. Siwezi kusema ilianza lini. Imekuwepo karibu na uso wangu, viti vya mwisho, juu kabisa, ndogo, nzima, kana kwamba imesemwa na mtu aliyeketi kiti cha jirani, kisha imepita, imeendelea nyuma yangu, ukuta haukuizuia. Haikurudi. Machozi yananitoka na sijui yanamhusu nani.

Na hapo nafanya nilivyolelewa. Kwetu kanisani mtu akiimba vizuri hatumpigii makofi, hayo ni ya uwanjani, wazee wa usharika walitufundisha hivyo tangu tungali watoto, wimbo ukikuingia unainamisha kichwa, unafumba macho, unanyamaza, na kadiri ulivyokuingia ndivyo unavyonyamaza zaidi, na mwimbaji akiona vichwa vyote vimeinama anajua umefika. Nainamisha kichwa. Nafumba macho. Nanyamaza kwa moyo wangu wote. Nikiwa nimefumba nasikia kitu kama upepo ukipita kwenye shamba, nafumbua, na elfu nzima wameinamisha vichwa, kuanzia safu ya mbele mpaka huku juu, visahani elfu vimetazama sakafu, hakuna hata anayepumua kwa sauti. Na kule mbele ya taa kijana amesimama. Anatazama vichwa. Kwao hii haina maana tunayoipa sisi. Kwao hii ni aibu, ni watu walioshindwa kumtazama. Naona uso wake, nao ni uso kamili, ndio uso pekee humu ndani, unakuwa mweupe kuanzia midomo. Wapiga fidla wameshaanza ubeti wa pili. Nataka kupiga makofi, najua nikipiga mimi watapiga elfu, lakini mikono imelala mapajani, mizito kama imefunikwa joho, na yeye ameshaanza kuimba, askari, mto, jina, anapanda, na mara hii mabega yananyanyuka. Kifua kinajaa. Kutoka huku juu kabisa nasikia uzi mmoja wa kola unakatika. Anafika ukingoni mwa nota, na badala ya kuitoa anaizuia hapohapo, pumzi yote ndani, anavuka taa kwa macho, anapanda safu moja moja mpaka ananipata. Dada, anasema, haimbi, anasema tu, niambie kama ilifika.

Nafungua mdomo, na nafumbua macho. Kuna joho mapajani. Kuna sindano. Jua limesogea kidogo kutoka miguuni, au halijasogea. Nje mtu anateka maji na kuku analalamika, sauti za kijiji, nauliza kichwa changu jina la kijiji, kinatafuta, hakirudi na kitu. Bawaba mbovu ya mlango iko upande wa kushoto. Natazama mikono yangu nione ipi ni ya kushoto. Sindano iko hewani, neno moja limesimama nyuma ya meno, na siogopi kulisema, ila sijui niligeuzie upande upi ili limkute. Na upande wa pili wa ukuta, au wa kitu hiki ninachokiita ukuta, kuna mtu amevuta pumzi na hajaitoa. Dada, anasema, niambie kama ilifika.